Kilo Moja na Nusu ya Chumvi

Kila siku figo za mtu mzima mwenye afya hutoa kwenye damu yake takriban kilo moja na nusu ya chumvi. Nasema kilo, si gramu. Pamoja na chumvi hiyo hutoka maji lita 180, yaani madumu tisa ya lita ishirini, yale yale tunayoyapanga foleni bombani maji yakikatika. Kisha figo hizo hizo huvirudisha. Ikifika usiku, mtu amekojoa lita moja na nusu hivi, na chumvi iliyoondoka na mkojo wake ni gramu chache tu, zinazokaribiana na zile alizokula kutwa nzima. Kilichobaki chote kimesharudi kwenye damu, na mwenyewe hana habari.

Nimekaa na hesabu hii kwa muda mrefu, kwa sababu haipatani na namna tunavyoizungumzia figo hapa Chumbageni, Tanga, na nadhani pwani yote. Barazani, kwenye duka la dawa, kwa muuza mizizi aliyetandaza vifurushi vyake kando ya njia, figo ni chujio la uchafu. Tunaisifu kwa kile inachotupa. Mtu akiumwa mgongo huambiwa figo zake zimejaa taka, atafute kitu cha kuzisafisha. Taka zipo, na figo huziondoa, hilo halina ubishi. Ila nguvu nyingi zinazotumiwa na figo haziendi kwenye kutupa. Zinakwenda kwenye kurudisha, na hasa kurudisha chumvi, chembe kwa chembe, mchana na usiku. Naamini anayeifahamu kazi hii ya kurudisha atakula, atakunywa na atamtazama mgonjwa wake kwa jicho jingine.

Siku chache kabla ya Idi, nyumba nyingi za mtaani kwetu hutolewa vyombo nje. Hakuna anayeingia chumbani kupapasa gizani akitafuta kilichooza. Magodoro, masufuria, mikeka na masanduku yote hutoka uani kwanza. Kisha kinachofaa huchukuliwa na kurudishwa ndani, na kilichobaki uani ndicho taka. Figo hufanya usafi wa namna hiyo, na sehemu ya majimaji ya damu hupitishwa humo karibu mara sitini kwa siku. Njia hii inaonekana ya gharama, lakini ina hekima yake. Figo hailazimiki kuitambua kila sumu kwa jina. Dawa iliyotengenezwa mwaka huu, ambayo miili ya babu zetu haikuwahi kukutana nayo, mara nyingi hutoka kwa sababu tu hakuna kitu ndani ya figo kinachojua kuirudisha.

Kila figo ina ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi. Zote mbili hazifikii hata nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lita moja kila dakika. Ndani ya kila figo kuna nefroni takriban milioni moja, yaani mirija myembamba ambayo kila mmoja huanzia kwenye kikombe kilichokumbatia fundo la mishipa ya damu. Mafundo hayo aliyaona Marcello Malpighi wa Italia katika karne ya 17, na kikombe alikieleza William Bowman mjini London mwaka 1842. Damu ikifika kwenye fundo hukamuliwa kwa nguvu ya moyo. Chembechembe za damu na protini kubwa hubaki, na maji, chumvi, sukari na vidogo vingine vyote hupita. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha theluthi mbili ya maji na chumvi papo hapo, na sukari yote. Hapo hapaulizwi hali ya mwili ikoje. Maamuzi hufanyika mbele zaidi, kwenye kiasi kidogo kilichobaki, na hapo ndipo pananivutia.

Lakini kabla ya kufika huko, nianze na mji wetu. Tanga ni mji uliokaa baina ya maji ya aina mbili. Maji matamu yanatoka juu, kwenye misitu ya Amani katika Usambara Mashariki, yanateremka na mto Zigi, yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani, kisha yanasukumwa kwenye mabomba hadi kwetu. Ya chumvi yako hapo chini, mwendo wa miguu tu. Kisima kikichimbwa karibu mno na ufuko, ndoo ya kwanza tu inakwambia bahari imeshakitangulia. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Dripu ya chumvi inayoning'inizwa juu ya kitanda cha mgonjwa pale hospitali ya Bombo ina gramu tisa kwa lita, kwa sababu imepimwa ilingane na damu. Kwa hiyo bahari ina chumvi karibu mara nne ya damu yetu.

Mvuvi aliyeharibikiwa na mashine mbali na nchi kavu, maji yake ya kunywa yakaisha, amezungukwa na maji asiyoweza kuyatumia. Akiyanywa, chumvi itaingia kwenye damu na itabidi itolewe. Figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama bahari. Ili kuitoa chumvi ya lita moja aliyokunywa, itamlazimu atoe maji zaidi ya lita moja, na ya ziada hayo yatachukuliwa ndani ya mwili wake. Kila funda linamkausha. Wazee wa bahari walilijua hili bila ya kupima chochote, na mtungi wa maji matamu uliingia chomboni kabla ya nyavu.

Viumbe wengine wa pwani yetu wamepata njia nyingine. Nenda kwenye mikoko wakati wa maji kupwa. Mkoko wenyewe huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, isipande. Mchu, ule wenye vipumulio vinavyochomoza topeni, huiacha sehemu yake ipande, kisha huitoa kwenye majani, na ukilamba jani lake siku ya jua utaikuta chumvi ulimini. Kasa naye ana tezi karibu na macho zinazotoa maji mazito ya chumvi. Watu walizoea kumwona akitaga usiku huku machozi yakimtoka, wakamhurumia kwa uchungu wa kuzaa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutagia, na mwaka 1975 kikatangazwa kuwa hifadhi. Miti yake ikaondoka, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 kilikuwa fungu linalofunikwa bahari ikijaa. Kasa akija pale usiku wa maji makubwa hakuti pa kutagia.

Ila anayenishangaza kuliko wote ni papa. Papa hatoi yurea yote. Yurea ni ile taka inayobaki mwili ukishatumia protini, ambayo ini huitengeneza na ambayo sisi tunaihesabu kuwa uchafu wa kwanza wa mkojo. Papa huishikilia kwenye damu na kwenye nyama, kwa wingi ambao ungemwangusha binadamu. Kwa kuiongeza yurea juu ya chumvi aliyo nayo, damu yake inakuwa nzito sawa na bahari kwa wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, na hivyo bahari haina nguvu ya kumnyonya maji. Chumvi ya ziada anaitoa kwa tezi iliyo mwishoni mwa utumbo. Anayepika papa mkavu kwa nazi anaijua ile harufu inayovuka ua hadi kwa jirani. Papa akishakufa, vijidudu huivunja yurea ile ikawa amonia, na ndiyo inayopanda puani. Tunanusa namna alivyokuwa akijilinda na bahari.

Silikanti anafanya vivyo hivyo. Samaki huyu, ambaye wataalamu walidhani alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, alionekana Afrika Kusini mwaka 1938, pale Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji wa East London, alipomkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi. Kuanzia 2003 alianza kupatikana Tanzania, na majarife ya wavuvi wa Tanga yaliyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa yakatoa makumi yao. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tunamwonesha mgeni picha zake, tunataja umri wa ukoo wake, na haki tunayo. Laiti tungetaja pia damu yake, iliyojaa yurea kwa makusudi.

Sababu ya kutamani hivyo ni kwamba nasi tunafanya jambo la namna hiyo hiyo, ila tumelificha. Mwaka 1862 mtaalamu wa maumbile Mjerumani, Jakob Henle, alieleza kwamba mirija ya figo huteremka kwenye sehemu ya ndani ya figo, hupinda, kisha hupanda tena. Kwa miaka mingi maana ya kitanzi hicho haikueleweka. Maelezo yalikuja katikati ya karne ya 20 kwa Werner Kuhn wa Uswisi na wenzake. Mkono unaoteremka huruhusu maji yatoke. Mkono unaopanda hutoa chumvi kwa nguvu, lakini maji hauyapi njia. Kwa kuwa mikono hiyo iko bega kwa bega na mikondo yake inapishana, chumvi kidogo inayotolewa kila mahali hulimbikizana, na kadiri unavyoshuka ndivyo uzito unavyoongezeka, hadi kiini cha figo kinakuwa na uzito kama mara nne ya damu. Na katika uzito huo, karibu nusu si chumvi. Ni yurea. Figo huiachia yurea itoke kwenye mirija ya mwisho, ikae kwenye kile kiini, izungukezunguke pale kabla ya kuondoka. Papa ameieneza mwilini mwote. Sisi tumeiweka kwenye kiini cha viungo viwili vya ukubwa wa ngumi, na huko inatuokolea maji. Nikisikia mtu akisema figo ni ya kuondoa uchafu, natamani kumwambia kwamba hata uchafu huo una zamu yake ya kazi kabla haujaruhusiwa kuondoka.

Mrija wa mwisho hupita katikati ya kiini hicho kizito ukielekea kwenye kibofu. Ukuta wake ukiwa umefungwa, mkojo hupita mwepesi na mwingi. Ukifunguliwa, maji huvutwa nje yarudi kwenye damu, na mkojo unaobaki ni mchache na wa rangi iliyokolea. Vitundu vinavyopitisha maji ni protini. Ya kwanza ya aina hiyo ilithibitishwa na Peter Agre na wenzake nchini Marekani mwaka 1992, na Agre akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Amri ya kuvifungua inatoka ubongoni. Humo zimo seli zinazohisi uzito wa damu ukipanda hata kwa asilimia moja, na hapo homoni iitwayo vasopresini humwagwa kwenye damu. Ukipanda zaidi kidogo, kiu huja. Maana yake figo huanza kubana maji kabla mtu hajatamani kunywa.

Mfungaji wa Ramadhani anauona utaratibu huu kwa macho yake. Baada ya daku mkojo bado ni mweupe, alasiri umekolea na ni kidogo. Mwezi ukiangukia kaskazi, jua la Tanga halina huruma, na mkata mkonge au mpakiaji wa bandarini hutoa jasho kwa lita. Figo yenye afya inaweza kubana hadi nusu lita kwa siku, na chini ya hapo haiendi, kwa kuwa taka zinahitaji maji ya kuzibeba. Tembo la mnazi, kwa upande wake, huizuia vasopresini isitoke. Ndiyo maana mnywaji hukojoa sana na huamka na kiu.

Liko jambo moja hapa ambalo ningependa lifike kila nyumba yenye mzee. Kadiri umri unavyopanda, figo hupungukiwa na uwezo wa kubana maji, na kiu nayo hufifia. Kengele zote mbili huzimika pamoja. Mjukuu anapeleka kikombe barazani:

"Bibi, kunywa maji kidogo."

"Kiu sina, mjukuu wangu. Weka hapo, nitakunywa."

Bibi hadanganyi. Kiu hana kweli, na maji hana vilevile. Jioni ulimi umekauka, maneno yanachanganyika, watu wanaanza kuuliza amerogwa na nani au ana malaria. Mzee asingojewe aombe. Apewe kikombe mkononi, akamilishe, apewe tena baada ya muda, isipokuwa kama daktari wake amempimia kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Chumvi ina habari yake tofauti. Damu ikipungukiwa na chumvi na msukumo wake ukashuka, figo hutoa renini, mlolongo wa homoni huamka, na mwisho wake tezi zilizo juu ya figo humwaga aldosteroni, ambayo huiagiza mirija ya mwisho isiiachie chumvi hata chembe. Huu ni mwili uliojengwa kwa uhaba. Bara, chumvi ilikuwa mali. Chemchemi za Uvinza, huko Kigoma, zilivuta watu kutoka mbali kwa karne nyingi, wakachemsha maji yake na kuondoka na mizigo vichwani. Msafiri wa namna hiyo alihitaji figo isiyotawanya. Sisi tuko ng'ambo ya pili ya historia hiyo. Pwani ya Mkinga chumvi inakaushwa juani mashambani. Sokoni yumo ng'onda. Mihogo ya kukaanga haiuzwi bila ya kunyunyiziwa chumvi na pilipili, na achari iko mezani kabla ya wali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Figo huweza kuitoa ya ziada, lakini kwa wengi wetu huitoa kwa gharama ya msukumo wa damu kupanda. Presha ikikaa juu kwa miaka, huyararua yale mafundo ya Malpighi moja baada ya jingine. Kisukari huyaharibu kwa njia yake. Mafundo hayo hayaoti mengine, na maumivu hayapo. Watu wengi hugundua wakiwa wamebakiwa na sehemu ndogo tu.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ambayo figo ilikuwa ikiifanya kimya kimya. Mgonjwa wa kusafishwa damu hufungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Mashine ni msaada mkubwa, imewaweka watu hai kwa miaka. Lakini baina ya siku moja na nyingine hakuna anayeamua nini kirudi na nini kitoke, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe lazima aamue kwa akili yake kile ambacho zamani kiliamuliwa bila yeye. Anapimiwa maji kwa kikombe. Chumvi inamwongezea kiu asiyoruhusiwa kuimaliza. Na katika mji huu, ambao kila kona ina mtu mwenye panga na rundo la madafu, anaambiwa aache dafu. Dafu lina potasiamu nyingi, na potasiamu isiyotolewa inaweza kuusimamisha moyo. Ndizi nazo zinapimwa. Mgeni anayekwenda kumjulia hali na dafu mkononi, kwa nia njema kabisa, anampelekea hatari. Mjulie hali, kaa naye, na ukitaka kubeba kitu uliza kwanza nyumbani kwake anaruhusiwa nini.

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji figo nyingine alipelekwa nje, hasa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Duniani, ule wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston, Desemba 1954, baina ya mapacha wa kufanana. Daktari anapoitoa figo kwa ndugu mmoja, neva zake zote hukatwa. Kwa mwingine inawekwa chini ya tumbo, upande, si mahali pake pa asili, na kinachoungwa ni mishipa ya damu na mrija wa mkojo tu. Mara nyingi, figo ikitoka kwa mtu aliye hai, mkojo huanza kutoka mgonjwa akiwa bado mezani. Ubongo hauna uzi wa neva wa kuiamrisha. Inaipokea damu ya mtu mgeni, inasikia vasopresini yake na aldosteroni yake, na inaanza kumrudishia maji na chumvi kwa kipimo chake yeye, si cha ndugu aliyeitoa.

Ndugu aliyebaki na moja, nayo hiyo moja haikai kama ilivyokuwa. Ndani ya majuma machache huongezeka ukubwa, nefroni zake hupokea damu zaidi, na kazi yake hupanda hadi kukaribia robo tatu ya ile iliyokuwa ikifanywa na mbili. Anaruhusiwa kurudi kazini, kulima, kuvua na kuzaa. Anachoambiwa ni apime presha na mkojo kila mwaka, apunguze chumvi, asizoee vidonge vya maumivu vya kujinunulia, na akivitaka amweleze muuza dawa kwamba ana figo moja.